Shilingi ya barabara: nani anaishika na nani anaikagua, kutoka Dodoma hadi Pangani

Lori linalotoka Bandari ya Tanga na kushika njia ya Pangani hupita mikononi mwa wizara tatu kabla halijafika Kigombe. Gati lilipopakia mzigo ni la Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Mitaa ya mjini, zikiwemo zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, inatunzwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyo chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Likishaacha mji na kuelekea Tongoni, lori limeingia kwenye barabara ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na hapo mwenye dhamana ni Wizara ya Ujenzi.

Abiria ambaye daladala yake imezama shimoni husema tu kwamba serikali imelala. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini anayetaka shimo lizibwe, au anayetaka kujua fedha ya kuliziba ilikwenda wapi, lazima ajue abishe mlango upi. Akibisha usio wake atazungushwa mwaka mzima, na huenda kila atakayemzungusha akawa anasema kweli: hapa si kwetu.

Tuifuate basi shilingi ya barabara tangu inapoombwa hadi inapokaguliwa. Jambo moja litajitokeza njiani. Walinzi wa fedha hii ni wengi mwanzoni, inapopitishwa, na ni wengi tena mwishoni, hesabu zinapofungwa. Katikati, pale kazi inapopimwa na kulipwa, wamebaki watu wawili watatu wenye futi na daftari. Barabara nyingi huharibikia hapo.

Inakoanzia

Sera ya Taifa ya Uchukuzi ni ya mwaka 2003. Sera huonyesha mwelekeo tu; huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa kuikiuka. Kinachobana ni sheria: Sheria ya Barabara ya 2007, Sheria ya Bandari ya 2004, Sheria ya Reli ya 2017, na Sheria ya LATRA ya 2019 iliyoifuta SUMATRA na kuanzisha mamlaka mpya ya kudhibiti mabasi, malori na reli. Chini ya sheria kuna mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na chini yake bajeti ya mwaka, inayoanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Barabara inayotajwa kwenye hotuba lakini haimo kwenye kitabu cha bajeti haina fedha. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kupiga makofi.

Fedha yenyewe ina vyanzo vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakozaa malalamiko mengi yasiyo na majibu. Cha kwanza ni Mfuko Mkuu wa Hazina, yaani kodi za kawaida. Cha pili ni Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta. Cha tatu ni mikopo na misaada.

Mfuko wa Barabara ndio unaomgusa kila mtu. Katika bajeti ya 2021/22 Bunge liliongeza Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, juu ya tozo iliyokuwepo. Dereva wa bodaboda anayeweka lita mbili Chumbageni asubuhi ameshatoa Sh 200 za nyongeza hiyo peke yake kabla hajambeba abiria wa kwanza. Huyu ni mlipaji wa barabara, na akiuliza habari za barabara anauliza habari za fedha yake.

Anachopaswa kujua ni kwamba sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha ya Mfuko huo iende kwenye matengenezo. Ndiyo maana meneja wa TARURA anayeambiwa "tozo tunalipa, lami iko wapi?" anashindwa kujibu kwa neno moja. Kupandisha barabara ya udongo kuwa ya lami ni maendeleo, na fedha yake nyingi hutoka Hazina au kwenye mkopo. Tozo ni ya kuchonga, kujaza mashimo, kuzibua mifereji, kutengeneza madaraja na kuokoa sehemu korofi. Na urefu wa kutunzwa ni mkubwa: TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, wakati TANROADS yenye barabara kuu na za mikoa ina zaidi ya kilomita 36,000.

Mkopo una njia yake. Barabara ya pwani inayounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga hadi mpakani Horohoro ni mfano mzuri kwa sababu inaonyesha vyanzo viwili kwenye njia moja. Kipande cha Tanga hadi Pangani, kilomita 50, kilianzishwa kwa fedha ya ndani. Kipande cha Mkange hadi Pangani, kilomita 120.8 pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, kiliingia kwenye mradi ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinisha Desemba 2019 kwa Tanzania na Kenya pamoja. Kwa kipande cha pili, benki nayo ni mlinzi: hatua kubwa za zabuni haziendi mbele mpaka itamke kwamba haina pingamizi, na huleta wakaguzi wake. Mlinzi wa ziada ni faida. Gharama yake ni muda, kwa kuwa kila karatasi inasubiri majibu ya mtu wa mbali, na wakandarasi wawili wanaofanya kazi kwenye barabara moja wanaweza kuwa na kalenda zisizofanana hata kidogo.

Bungeni: shilingi inayoshikwa na kurudishwa

Kati ya Aprili na Juni bajeti za wizara husomwa Dodoma. Ujenzi ni Fungu 98, Uchukuzi ni Fungu 62, na barabara za TARURA zimo ndani ya fedha za TAMISEMI. Kabla ya hapo, kamati ya Bunge inayosimamia miundombinu imekwisha kukaa na wizara, imetembelea miradi na kuandika maoni. Kazi ngumu hufanyika kwenye kamati, ambako mkurugenzi anaweza kuulizwa kasma kwa kasma, yaani kifungu kimoja kimoja cha matumizi. Ukumbini muda ni mfupi.

Silaha ya mbunge ukumbini ni ile maarufu ya kushika shilingi. Wakati mafungu yanapitiwa, mbunge asiyeridhika na maelezo hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri. Shilingi yenyewe si kitu. Kinachotafutwa ni waziri asimame na kutoa ahadi iliyo wazi. Akishaahidi, mbunge hurudisha shilingi, fungu linapita, na ahadi inabaki kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa moja moja.

Kwa nini wabunge hawaikatai tu bajeti mbaya? Jibu limo kwenye Katiba, ibara ya 90: Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Mbunge anayepiga kura ya hapana anakiweka kiti chake mezani pamoja na vya wenzake wote. Kwa hiyo nguvu ya Bunge iko kwenye kuhoji na kufuatilia, na anayemtuma mbunge wa Tanga au wa Bagamoyo amtume kufuatilia ahadi ya mwaka jana, yenye ukurasa na tarehe. Hiyo ina uzito kuliko kuomba ahadi mpya.

Iliyoidhinishwa si iliyotolewa

Hapa ndipo wengi hupotea. Bunge likishapitisha, fedha haijawa kwenye akaunti ya TANROADS. Hazina huitoa kwa awamu, kadiri makusanyo yanavyoingia. Na kabla haijatoka kwenye Mfuko Mkuu, Katiba inataka idhini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Watu humjua kwa lile neno la pili, mkaguzi, wakasahau la kwanza. Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, wamezitenganisha kazi hizi kwa maofisa wawili. Kwetu mtu mmoja anafungua mlango na baadaye anarudi kuuliza waliopita walichukua nini.

Kwa hiyo, katika hotuba ya waziri au taarifa ya kamati, tafuta tarakimu mbili: iliyoidhinishwa, na iliyotolewa hadi mwezi fulani. Pengo kati ya hizo mbili linasema mengi kuliko kurasa kumi za utekelezaji.

Pengo hilo lina gharama inayohesabika. Mikataba mingi mikubwa hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri: mkandarasi akishapeleka dai lake, mhandisi msimamizi ana siku 28 za kulipima na kutoa hati ya malipo, na mwajiri, yaani Serikali, anapaswa kulipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi alipopokea dai. Siku zikipita, riba inaanza kuhesabiwa. Tuseme hati ni ya Sh bilioni 2, riba ni asilimia 12 kwa mwaka, na malipo yamechelewa siku 180. Riba inakuwa takribani Sh milioni 118. Fedha hiyo haijanunua hata kokoto moja. Riba za aina hii zimekuwa zikijirudia kwenye ripoti za CAG kuhusu miradi ya barabara, na hazisababishwi na wizi. Zinasababishwa na kusaini mikataba mingi kuliko fedha inayotegemewa kuingia.

Kisha kuna majira. Pwani ya Tanga ina masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba. Muda mzuri wa kazi ya udongo ni kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na ardhi imekauka, na kile kipindi kifupi cha kaskazi, Januari na Februari. Sasa tazama kalenda ya fedha: mwaka unaanza Julai, zabuni inatangazwa, mkataba unasainiwa Septemba au Oktoba, vuli hiyo imeshafika. Fedha ya awamu ya pili ikitoka Februari, mkandarasi anafungua tuta wiki chache kabla ya masika. Mvua ya usiku mmoja inaondoka na udongo ambao tayari umepimwa na kulipwa. Anayetaka kupunguza hasara hii aanze zabuni mapema, ili siku fedha inapopatikana mkandarasi awe ameshajulikana. Mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao ununuzi wote wa umma unapaswa kupitia, umerahisisha hatua hii, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imeuwekea msingi. Lakini mfumo hauwezi kuiharakisha fedha ambayo haipo.

Sentimita tatu

Sasa tufike katikati, kwenye futi na daftari.

Chukua kazi ya kawaida kabisa ya TARURA: kuweka changarawe kwenye kilomita moja ya barabara ya kijijini. Jedwali la kazi na bei, ambalo kila fundi analiita BOQ, linasema upana mita 6.5 na unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Zidisha: 6.5 mara 0.15 mara 1,000 unapata meta za ujazo 975. Hizo ni za changarawe iliyokwisha kushindiliwa. Ikiwa ndani ya lori bado ni legelege, na kwa makadirio unahitaji kama asilimia 30 zaidi, karibu meta za ujazo 1,270. Kwa tipa la meta 10, ni safari 127.

Mkandarasi akiweka sentimita 12 badala ya 15, jicho haliwezi kujua. Barabara itang'aa vilevile siku ya kukabidhiwa. Lakini meta za ujazo 195 hazipo, yaani safari 25 za tipa zimelipwa na hazikuja. Na kinachopotea si ile sehemu ya tano ya unene peke yake. Tabaka jembamba husagika haraka, magurudumu yanafika kwenye udongo wa chini, maji yanaingia, na masika moja inatosha kuirudisha barabara ilikokuwa.

Kulikamata kosa hili ni kazi ya nusu saa. Unachimba kishimo kidogo kila baada ya umbali fulani, mara kushoto, mara katikati, mara kulia, unasimamisha futi, unasoma unene na kuuandika, kisha unafukia na kushindilia. Usichimbe mahali anapokuonyesha mkandarasi. Msimamizi asiye na gari hafiki. Anayefika kwa gari la mkandarasi hufika anapopelekwa. Ukitaka kujua kama mradi unasimamiwa, uliza kwanza msimamizi anafikaje eneo la kazi. Swali hili dogo lina majibu makubwa.

Mshindilio nao hupimwa. Changarawe ikishindiliwa kavu haishikani, ikizidi maji inakuwa uji. Maabara hutafuta kiasi cha maji kinachofaa kwa changarawe ya machimbo yale, kisha kazi ya barabarani hulinganishwa na kipimo cha maabara. Kiwango kinachodaiwa mara nyingi ni asilimia 95 au zaidi. Mkandarasi akihama machimbo katikati ya kazi, majibu ya maabara ya zamani hayana maana tena, na hilo hutokea sana.

Kuna kipimo ambacho hata mwanakijiji anaweza kukifanya. Barabara ya changarawe inapaswa kuwa na mgongo ili maji yateleze pembeni. Kwa mteremko wa asilimia 5 na nusu ya upana ikiwa mita 3.25, katikati panapaswa kuwa juu ya ukingo kwa sentimita 16 hivi. Vuta kamba iliyonyooshwa kwa pima maji kutoka katikati hadi ukingoni, pima pengo. Ukikuta sentimita 5, barabara hiyo italaza maji na itatoboka, hata kama changarawe yake ni safi. Tazama na mfereji: unapoishia pana njia ya kutoka, au maji yameachwa yasimame mbele ya mlango wa mtu?

Vipimo hivi vyote huingia kwenye karatasi ya vipimo, inayoambatanishwa na hati ya malipo. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi. Wakaguzi wakija mwaka mmoja baadaye, changarawe imeshaliwa na mvua na magari, na hakuna atakayeweza kusema iliwekwa sentimita ngapi. Karatasi ya vipimo ikiwa imejazwa ofisini, tarakimu zote zikiwa sawasawa, 15, 15, 15, kwa kilomita nzima, mkaguzi mzuri hushtuka hapo hapo. Ardhi haina unyoofu huo; vipimo vya kweli huwa 14, 16, 15, 17, 13.

Mwezi wa kuuangalia zaidi ni Juni. Fedha isiyotumika kufikia tarehe 30 inaweza kurudi Hazina, na hofu hiyo huzaa hati za malipo kwa kazi ambayo itafanyika "wiki ijayo". Mara nyingine nia ni njema kabisa: meneja anataka kuiokoa fedha ya wilaya yake. Lakini mkandarasi akishalipwa, msimamizi hana tena kamba ya kumvutia.

Kamba hiyo, kwa kawaida, ni sehemu ya malipo inayozuiwa kutoka kila hati na kurudishwa baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 12. Maana yake ni barabara ipite masika moja na vuli moja mkandarasi akiwa bado anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama zake. Kwa hiyo kasoro iliyoripotiwa mwezi wa kumi baada ya kukabidhiwa hurekebishwa na mkandarasi; ileile ikiripotiwa mwezi wa kumi na nne inarekebishwa na tozo ya mafuta.

Fidia na alama za X

Barabara ikipanuliwa, nyumba huguswa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Awali ilikuwa mita 22.5 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 za zamani huchorewa X nyekundu na halipwi. Aliyekuwa nje ya hizo akaingizwa na sheria mpya huchorewa X ya kijani na anastahili fidia. Rangi ya alama ukutani ni uamuzi wa fedha, kwa hiyo mwenye nyumba achukue kipimo chake mwenyewe kutoka katikati ya barabara, akipige picha, akihifadhi. Katikati ya barabara ya zamani na ya mpya zinaweza zisiwe mahali pamoja, hasa kona iliponyooshwa.

Tathmini ina muda. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, mdai ana haki ya riba, na tathmini iliyokaa zaidi ya miaka miwili hupitwa na wakati na kufanywa upya. Kila mwaka wa kuchelewa unaipandishia Serikali gharama ya ardhi ileile, huku mwenye nyumba akiwa ameambiwa asiongeze hata tofali.

Mkaguzi na kamati

Mwaka ukifungwa 30 Juni, taasisi zina miezi mitatu kuandaa hesabu. CAG hukagua na kumkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi. Rais huzipeleka Bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kuanza, ndiyo maana kila Aprili magazeti hujaa habari za CAG. Hesabu umri wake: ripoti inayosomwa Aprili inahusu mwaka uliofungwa miezi tisa nyuma, na malipo yake ya kwanza yalifanyika miezi ishirini na moja iliyopita.

Ripoti ni kadhaa, na msomaji wa Tanga ajue pa kutafuta. TANROADS, ikiwa wakala, iko kwenye ripoti ya Serikali Kuu. TPA na Shirika la Reli ziko kwenye ya mashirika ya umma. Miradi ya mikopo kama ile ya Mkange hadi Pangani iko kwenye ya miradi ya maendeleo. Kisha kuna ripoti za ufanisi, ambazo kwa maoni yetu ndizo muhimu kuliko zote na ndizo zinazosomwa kidogo kuliko zote.

Kwa nini? Kwa sababu hati inayoridhisha haisemi kwamba barabara ni nzuri. Inasema hesabu zimeandikwa kwa usahihi. Halmashauri au wakala anaweza kupata hati safi na barabara zake zikawa mbovu, bila mtu kudanganya popote. Ukaguzi wa ufanisi ndio unaouliza kama fedha ilileta ilichokusudiwa.

Bandari ya Tanga ni mahali pazuri pa kuuliza hivyo. Maboresho yake yaligharimu Sh bilioni 429.1: kina kiliongezwa kutoka mita 3 hadi 13 na gati likajengwa lenye mita 450. Awali meli zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari na kuletwa gatini, yaani kubebwa mara mbili. Sasa meli inafunga gatini. Hesabu za bandari zinaweza kukaguliwa na kukamilika hapo. Lakini mzigo ulioongezeka unatoka kwa malori, na malori yanapita kwenye barabara za wizara nyingine. Wahandisi wanajua kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa kadirio la kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli yenye tani 12 mahali pa 10 haiongezi uharibifu kwa asilimia 20, inauzidisha mara mbili na zaidi kidogo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na mipaka ya kila ekseli, na mizani ya TANROADS ndiyo inayoulinda. Kwa hiyo mafanikio ya fungu moja ni mzigo wa fungu jingine, na mtu wa kuyasoma mafungu hayo mawili kwa pamoja ni mkaguzi wa ufanisi na kamati ya Bunge yenye subira.

Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, huwaita makatibu wakuu na wakuu wa wakala. Ya Serikali za Mitaa, LAAC, huwaita wakurugenzi wa halmashauri. Kila hoja ya CAG hujibiwa na mwaka unaofuata hupewa hali: imetekelezwa, inaendelea, haijatekelezwa. Tafuta zile zilizoandikwa "inaendelea" miaka mitatu mfululizo. Pakiwa na dalili za jinai, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, huingia.

Mkoani kwako

Mlango ulio karibu ni Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, wabunge ni wajumbe, na TANROADS na TARURA huleta taarifa zao kwenye meza moja. Ndicho kikao pekee kilicho karibu ambako barabara za wizara mbili husomwa pamoja, na ndiko hupendekezwa barabara ipi ipandishwe hadhi. Diwani na mbunge wanaweza kupeleka hoja huko ikiwa na namba ya barabara, kilomita ilipo kasoro, na picha yenye tarehe. Hoja ya "barabara yetu ni mbovu" hupokelewa tu. Ya "kalavati la kilomita ya 12 limezibwa na mfereji hauna pa kutokea" inalazimisha jibu.

Soma pia bango la mradi. Linapaswa kuonyesha mwajiri, mkandarasi, msimamizi, chanzo cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Chanzo cha fedha ndicho kinachokuonyesha mlango wa kubisha.

Na kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, isiyotumika inavyostahili. Raia yeyote anaweza kuomba taarifa kwa maandishi, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa, iseme sababu, na mwombaji anaweza kutaka uamuzi huo upitiwe upya. Barua isiombe "maelezo ya mradi", kwa kuwa utapewa maelezo. Iombe karatasi kwa majina yake: BOQ ya mkataba, hati ya malipo ya mwisho, karatasi ya vipimo iliyoambatanishwa nayo, na tarehe ya kwisha kwa kipindi cha matazamio. Ipelekwe mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya tarehe hiyo, ili kama vishimo vinahitaji kuchimbwa upya, fedha iliyozuiwa iwe bado iko mikononi mwa Serikali.